Kudungwa kliniki ama kujidunga mwenyewe: rivyu yangu ya sindano za testosteroni

Wacha niandike hii kitu mara moja, juu nimeulizwa pembeni na wanaume watatu na wote walianza na "kuna beshte yangu anataka kujua". Sawa, mwambie beshte yako asome hapa. Narivyu vitu viwili: kliniki moja ya Upper Hill hapa Nairobi yenye nilikuwa nadungwa testosteroni, ile homoni ya kiume, miezi nane, na hii maisha ya kujidunga mwenyewe nyumbani Donholm, sasa ni zaidi ya mwaka. Jina la kliniki nitaliacha, sina nguvu za barua za wakili. Na mimi si daktari, mimi ni mtu wa stoo Industrial Area, kwa hivyo chukua hii kama story ya mtu ametobolewa matako na mapaja mara nyingi mpaka akapata maoni.

Venye nilifika huko ni hivi. Nikiwa na miaka 24 nilishikwa na matubwitubwi, na kwa mtu mzima hiyo kitu si ya kuchekwa, ilishuka mpaka kwa korodani nikatembea wiki mbili kama nimepanda punda. Ikaisha, nikasahau. Nikiwa 41 ndio mwili ukaanza kuzima pole pole, usingizi wa mchana, hasira za bure, na kwa chumba cha kulala ikawa ni mimi na mama watoto tunaangalia dari tu tukiongea juu ya fees. Nilidhani ni kazi. Nilidhani ni loni. Damu ikapimwa asubuhi kabla ya saa nne sijakula kitu, testosteroni ikatoka 212 (ng/dL), wiki mbili baadaye tena asubuhi ikatoka 198, na mstari wenye madaktari wengi wa Marekani hutumia ni 300. Zile homoni za kutoka kwa ubongo, LH na FSH, zilikuwa juu sana, maana yake ubongo unapiga kelele na korodani hazisikii. Nasema hii juu kuna watu wanaanzishiwa sindano na kipimo kimoja tu cha saa tisa mchana, na testosteroni hushuka kadri siku inaendelea, sasa ukipimwa jioni umechoka unaeza ambiwa uko chini na hauko.

Basi kliniki. Mapokezi safi, maji ya bure, dada wa risepsheni anakuita "mheshimiwa". Nikaanzishiwa Sustanon 250, ampuli moja kila wiki tatu. Hiyo ni aina nne za testosteroni zimechanganywa kwa mafuta, zingine za kutoka haraka na moja ya kukawia, na mafuta yenyewe ni ya njugu. Ndio, njugu, hizi hizi za kukaanga za stage. Mtu mwenye mzio wa njugu hafai hata kuiangalia, lakini mimi niliisoma mwenyewe kwa kile kikaratasi cha ndani ya paketi nikiwa kwa matatu narudi, hakuna mtu alikuwa ameniuliza. Kwa bahati mimi njugu nakula na maganda.

Kuna sista mmoja pale, huyo nampa nyota tano peke yake. Mkono mwepesi, anakupigisha story ya mpira ya Gor hadi unashtukia amemaliza, na alikuwa anadunga hapa pembeni ya nyonga badala ya katikati ya tako, akanieleza upande huu hauna ule mshipa mkubwa wa fahamu unaopita kwa tako ukishuka mguuni. Anasukuma mafuta pole pole. Siku alitoka akaenda kazi ng'ambo ndio nikajua huduma nzima ilikuwa ni yeye. Aliyemrithi alikuwa anadunga kama anapiga muhuri, sindano ingine nilikaa nimeegemea upande mmoja siku tatu, bosi akaniuliza kama nina majipu.

Sasa piga hesabu ya siku yenyewe. Apointimenti saa tano. Natoka Industrial Area saa tatu na nusu na ruhusa ya kuomba kama mtoto wa shule, jam ya Haile Selassie, kapanda ka Upper Hill, nafika, naandika jina, nakaa. Nadungwa saa sita na dakika arobaini. Sindano yenyewe haimalizi dakika mbili. Halafu nalipa: elfu moja mia tano ya kuonwa, elfu mbili mia nane ya dawa juu hawakubali uje na yako, nauli na teksi ya kurudi haraka kama mia tisa. Elfu tano mia mbili kila wiki tatu, na bima ya kazi ilikataa, ati hiyo ni mambo ya urembo. Urembo gani sasa, niangalieni jameni.

Lakini si pesa ilinitoa huko.

Kitu ya kwanza ilikuwa ile bembea. Wiki ya kwanza baada ya sindano mimi ni simba, naosha gari ya jirani, napigia simu watu wenye nilikuwa nimewasusia. Wiki ya pili niko sawa. Wiki ya tatu nimerudi pale pale kwa usingizi na hasira, mpaka mama watoto akaipatia jina, wiki ya godoro. Alikuwa anaijua kwa kalenda kabla hata mimi nijijue. Na hiyo si uchawi, dawa nyingi inaingia kwa damu siku za kwanza halafu inashuka, ukidungwa kingi mara moja kwa muda mrefu lazima upande mlima na ushuke bonde. Nikamwambia daktari wa pale. Jibu lake likawa tuongeze dozi. Yaani mlima uwe mrefu zaidi ndio bonde liwe refu zaidi, na mimi kwa ujinga wangu nikakubali juu mtu ana koti jeupe.

Kitu ya pili ndio ilinitisha. Kama mwezi wa saba nikaanza kuumwa kichwa, uso unajaa joto, na usiku mama watoto ananiambia nakoroma kama jenereta. Ofisini kukaletwa kambi ya matibabu ya bure, nikapimwa hemogramu nzima, ile ya kuhesabu chembe za damu, na yule kijana wa maabara akarudi na karatasi akiniuliza kama huwa navuta sigara sana. Sivuti. Hematokriti ilikuwa 55.6. Hiyo ni asilimia ya damu yenye ni chembe nyekundu, testosteroni huipandisha, na ikipita 54 mwongozo wa madaktari ni unasimamisha dawa ama unapunguza mpaka ishuke, juu damu nzito inaeza kuganda mahali haifai. Na hapa Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, damu zetu tayari ni nzito kidogo kuliko za mtu wa Mombasa, kwa hivyo mtu wa hapa ndio anafaa kuchungwa zaidi si kidogo.

Nikaenda kwa faili yangu ya nyumbani, mimi huweka karatasi zote. Risiti kumi na moja za ile kliniki. Karatasi ya maabara baada ya kuanza dawa: sufuri. Miezi nane hakuna mtu alikuwa amenitoa hata tone la damu, na mwongozo unasema upimwe kati ya mwezi wa tatu na wa sita baada ya kuanza, hematokriti, kiwango chenyewe cha testosteroni, na PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, kwa wazee wenzangu. Nikapiga simu kuuliza, dada wa risepsheni akaniambia "mheshimiwa, hiyo ni pakeji ingine". Hapo ndio nilifunga hiyo ukurasa. Kwa hivyo kliniki: nyota mbili, moja na nusu ni ya yule sista na nusu ni ya maji.

Daktari wangu wa sasa ni mama mmoja wa homoni, mkali kama headmistress, sijui kama ashawahi kucheka. Kwanza alinisimamisha dawa wiki kadhaa, nikarudi kuwa godoro kabisa, hematokriti ikashuka. Akaniuliza maswali yenye nilifaa kuulizwa mwanzo, kama bado nataka watoto, juu hizi sindano huambia ubongo uache kutuma ile amri ya kutengeneza mbegu na mbegu zinaeza kwisha kabisa wakati uko kwa dawa. Mimi niko na wangu wawili, nimefunga duka. Lakini kwa zile sofa za Upper Hill nilikuwa nakaa na vijana wa miaka 27, 28, na kila siku najiuliza kama hao waliambiwa. Halafu akanibadilishia: enanthate, hiyo ni aina ingine ya testosteroni, kidogo kidogo kila wiki, pointi nne ya cc. Nikamwambia daktari mimi siwezi kuja hapa kwako kila Jumatatu nitafutwa kazi. Akaniangalia juu ya miwani akasema, "Na mikono yako imefanya nini?"

Haki niliogopa. Kwetu ukisema mtu anajidunga watu wanafikiria mambo ya kona za giza, si matibabu. Yule alinitoa uoga ni shemeji yangu, kakake mama watoto, yeye ni mtu wa sukari miaka kumi na nne. Alikuja Jumapili nikamweleza na sauti ya chini, akacheka mpaka akashika meza. "Shem, mimi najidunga insulini mara nne kwa siku, hata kwa matanga nimejidunga, na wewe unalilia moja ya wiki?" Ni kweli sindano yake ni kanywele na yangu inaingia kwa msuli, lakini maneno yaliniingia kuliko sindano.

Daktari hakuniachilia hivi hivi, na hii ni muhimu, kama mtu anakuandikia ujidunge bila kukuonyesha tafuta mwingine. Alinifanya nijidunge mara mbili mbele ya nesi wake. Paja, upande wa nje, katikati, unagawanya kutoka nyonga mpaka goti mara tatu na unatumia ile sehemu ya kati. Naosha mikono, napangusa na spiriti, nangoja ikauke, juu ikiwa mbichi ndio inawasha. Inaingia wima haraka, mafuta yanasukumwa pole pole. Ukitoa, bonyeza na pamba, na tone la damu likitoka usiite ambulensi.

Ya kwanza peke yangu nyumbani ilichukua dakika arobaini. Nimekaa kwa kona ya kitanda, suruali chini, jasho, nahesabu moja mpaka tatu halafu naanza tena moja. Mtoto anabisha mlango anataka chaja. Nikadunga, nikasukuma haraka nimalize, na dawa yenyewe ilikuwa baridi juu mama watoto alikuwa ameiona kwa meza akaiweka kwa friji kando ya mayai, akidhani anasaidia. Kesho yake sisi tunaishi floo ya nne na hakuna lifti. Nilipanda hizo ngazi na mguu umenyooka kama mguu wa meza, caretaker akaniuliza nimechezea timu gani. Kumbe hiyo mafuta haifai friji, inakaa tu joto la kawaida la nyumba mbali na jua na mbali na watoto, na ikipata baridi inaeza kufanya vipunje kama sukari, ikifika hapo unaipasha kwa mkono ama kwa maji vuguvugu mpaka viyeyuke. Siku hizi naishika kwapani nikisikiliza habari, halafu nasukuma nikihesabu mpaka thelathini. Maumivu ni kidogo, mara nyingi hata sikumbuki ni paja gani.

Vifaa ni rahisi. Nenda duka la dawa lenye leseni imebandikwa ukutani, si lile la kuuza na kadi za simu, na uende na karatasi ya daktari juu hii si dawa ya kununua hivi hivi. Sindano ziko na rangi: ya kijani ni nene, ndio ya kuvutia mafuta, ya bluu ni nyembamba, ndio ya kudungia, na kuna watu wembamba daktari huwaruhusu ya machungwa. Usidunge na ile umevutia nayo, ishakuwa butu, hilo kosa nililifanya mara moja na paja likanikumbusha wiki nzima. Ampuli ni kioo, ishike na kitambaa ukivunja shingo, na usiivutie mpaka tone la mwisho juu kunaeza kuwa na vipande. Sharti kila kitu kiwe kipya kila mara.

Sasa kitu yenye haiambiwi mtu: ampuli ikishavunjwa hauweki. Mimi natumia pointi nne, pointi sita inaenda. Kila Jumapili namwaga zaidi ya nusu ya dawa yangu na nakuambia hiyo inauma kuliko sindano. Niliuliza daktari kama naeza kuvuta iliyobaki kwa siringe niweke wiki ijayo. Aliniangalia venye unaangalia mtu ameuliza kama anaeza kuosha kondomu.

Kwa hivyo kama ulikuwa unataka kusikia nyumbani ni rahisi sana kwa mfuko, pole. Wiki kumi na mbili za kliniki zilikuwa zinanila 20,800. Wiki kumi na mbili za nyumbani ni ampuli kumi na mbili za elfu moja mia mbili, hiyo ni 14,400, siringe na sindano na pamba kama mia saba, na damu kupimwa 4,500. Jumla 19,600 na kitu. Nimeokoa elfu moja, nyama choma kilo moja na soda. Lakini angalia pesa imeenda wapi: ile yenye nilikuwa nalipa nikae kwa sofa sasa inalipa maabara. Na nusu siku nne za kazi zimerudi kwangu. Na ile bembea imekwisha, daktari alisema ukigawanya dozi ndogo kila wiki mlima na bonde vinakaribiana na ndivyo imekuwa, wiki ya godoro mama watoto ameisahau. Hematokriti ya mwisho ilikuwa 49.

Takataka. Hii nitaongea kwa ukali kidogo. Usitupe sindano kwa karatasi ya taka. Ile taka yako inashikwa na kijana kwa mkono mtupu kwa kibanda cha chini, halafu inashikwa na mwingine kwa jaa la Dandora anatafuta chupa, na hakuna mmoja wao anajua ni sindano ya mtu msafi ama la. Mimi natumia chupa ngumu ya Jik iliyooshwa, nimeandika SINDANO na makapeni nyekundu, sindano inaingia moja kwa moja bila kurudisha kifuniko, ikijaa robo tatu naifunga na selotepu naipeleka kwa kliniki ya daktari wanaichoma na zao. Duka la dawa la kwanza nililouliza walikataa kuipokea, kwa hivyo uliza kabla, si baada.

Je, kuna mtu nitamwambia abaki kliniki? Wako. Kuna jamaa wa kazi anadungwa Nebido, hiyo ni testosteroni ya aina ya undecanoate, ya kukaa muda mrefu mwilini, cc nne za mafuta mazito kwa tako, ya kwanza na ya pili zinaachana wiki sita, halafu inakuwa kila wiki kumi mpaka kumi na nne. Hiyo hata usifikirie kujidunga. Inasukumwa pole pole kama dakika mbili, na mara chache mafuta yanaeza kuingia kwa damu yakafika mapafu, mtu anaanza kukohoa na kushikwa na pumzi hapo hapo, ndio maana Marekani ile aina yao inaitwa Aveed sheria inataka ukae mbele ya mhudumu dakika thelathini baada ya kudungwa. Huyu jamaa anaenda mara nne ama tano kwa mwaka na ana furaha, na kwa kweli kama ningekuwa na hiyo pesa ya mkupuo labda ningekuwa kando yake. Mwenye anatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi pia aongee na daktari kwanza kabla ya kudunga msuli wowote. Na kuna watu wanazimia tu wakiona sindano, hakuna aibu, lipa sista.

Mwenye hafai kunisoma kabisa ni wewe wa jimu unayetaka dawa ya chupa ya yule trena. Hauna ugonjwa, hujui kilicho ndani, na dozi umepewa na mtu amepima kwa macho. Testosteroni ya nje ikiingia yako inazimwa, ukiacha unakaa miezi ukingoja iwake tena. Mimi yangu iliuawa na matubwitubwi, yako ni nzima unaiua kwa hiari.

Daktari amesema mwaka huu tutajaribu ya chini ya ngozi ya tumbo, kasindano kadogo kama ka shemeji. Marekani kuna hata kifaa cha enanthate cha kubonyeza tu kwa tumbo kila wiki, kilikubaliwa 2018, huku kwetu ni siringe ya kawaida na ujasiri.

Kitu kingine kidogo: mapaja yanabadilishana, wiki hii moja wiki ijayo lingine, ndio pasikuwe pagumu na kufanya uvimbe. Nilikuwa naandika kwa ile kalenda ya bucha, herufi moja tu, mpaka wiki ya tatu nikagundua nimeandika K, K, K, juu kulia ni K na kushoto ni K. Mama watoto ndiye alitatua. Venye nimekaa kitandani paja moja liko upande wa dirisha na lingine upande wa mlango, sasa ni D na M. Jana ilikuwa M, na naposti hii nikiwa nimeshapanda ngazi zote nne.